Vifupisho vya Vijana na Mizani ya Maana

Lugha yetu haikuanza jana kufupisha maneno. Twaandika S.L.P. badala ya Sanduku la Posta, na BAKITA badala ya Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, umekwisha kuwa neno kamili vinywani mwa watu. Vifupisho hivyo vina sifa moja: jamii nzima imekubaliana juu ya maana yake.

Hatuna budi kuvipima kwa mizani hiyo hiyo vifupisho vya simu ambavyo vijana wa Bariadi, kama wenzao wa Dar es Salaam, huandikiana: vp, xaxa, cjui, wa2. Watetezi wake husema kwamba ujumbe mfupi una nafasi ya alama 160 tu, na nafasi hiyo hulipiwa. Hoja hiyo ina uzito kwa vp, inayopunguza neno "vipi" kwa nusu. Lakini xaxa ina herufi nne, sawa na "sasa"! Hapa hakuna kilichofupishwa. Herufi x, isiyokuwamo katika abjadi ya Kiswahili sanifu, imekuwa pambo la kijana kujitambulisha kwa vijana wenzake. Pambo si kosa, ila tusiliite ufupisho.

Penye hatari ni wa2. Kijana huitamka tarakimu kwa jina lake la Kiingereza, akapata "watu". Mzee aliyefundishwa kuhesabu kwa Kiswahili husoma "wawili". Tuseme mkulima amepelekewa ujumbe: "Kesho leta wa2 wa kuchuma pamba." Je, alete wawili, au alete watu kadiri awezavyo? Kadhalika, cjui humtaka msomaji aite c kwa Kiingereza ndipo apate "si" ya ukanushi. Ufunguo wa Kiswahili umewekwa mfukoni mwa lugha nyingine, na asiyeijua lugha hiyo amefungiwa nje ya lugha yake mwenyewe.

Jambo hili ni zito katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ambako watoto wengi hutoka katika Kisukuma cha nyumbani na kukutana na Kiswahili sanifu darasani. Mwalimu asikimbilie fimbo. Aviandike vifupisho hivyo ubaoni, kisha awaulize wanafunzi maswali mawili: kimeokoa herufi ngapi, na kimemwacha nani nje? Kijana awezaye kujibu atajua mwenyewe lini amwandikie rafiki, na lini amwandikie babu yake.