Mvivu, au Mwenye Mzigo?

Katika sharika zetu yupo mtu mzima ambaye akili yake haitulii mahali pamoja. Huanza kazi nyingi na kumaliza chache. Husahau kikao alichokiitisha mwenyewe. Bahasha ya ahadi hukaa ndani ya Biblia yake hadi mwaka unakwisha. Sisi humwita mzembe na kumhimiza atubu. Vitabu kuhusu watu wazima wenye upungufu wa umakini, hali ambayo madaktari huiita ADHD, vinatusihi tuchunguze kwanza kabla ya kutoa hukumu hiyo.

Kilichowafikia wengi ni Driven to Distraction, kilichotoka Marekani mwaka 1994. Edward Hallowell na John Ratey ni madaktari wa magonjwa ya akili, na wote wawili wanasema wazi kwamba wana hali hiyo wanayoieleza. Ndiyo maana hakisomeki kama ripoti ya hospitali. Kimejaa habari za watu waliopata nafuu walipojua tu jina la kinachowasumbua. Kate Kelly na Peggy Ramundo, nao wakiwa na hali hiyo, waliyaweka matusi matatu katika jina la kitabu chao: mvivu, mjinga, mwendawazimu. Wenye hali hii wameyasikia tangu utotoni.

Nguvu ya vitabu hivi ni faraja, na udhaifu wao uko hapo hapo. Hallowell hupenda kuonyesha vipawa vilivyomo katika hali hii, kama ubunifu na ari. Lakini mke anayelipa madeni aliyoyasahau mumewe hasaidiwi kwa kuambiwa kwamba mumewe ana kipawa. Russell Barkley, katika Taking Charge of Adult ADHD cha mwaka 2010, ni mkavu zaidi, na kwetu anafaa zaidi. Kwake shida si kutojua la kufanya, bali ni kushindwa kulitenda kwa wakati wake. Kwa hiyo anashauri dawa, vikumbusho vilivyo mbele ya macho, na kazi kubwa kugawanywa vipande vidogo.

Hapo msomaji wa Biblia atakumbuka Warumi 7. Tujihadhari. Paulo anasema habari za dhambi, Barkley habari za ubongo. Tukizichanganya, tutamdai toba anayehitaji daktari, au tutaipa kila dhambi cheti cha hospitali.

Waandishi hawa wanamfikiria msomaji aliye karibu na mtaalamu. Kwetu wataalamu hao ni wachache. Hata hivyo Hallowell na Ratey wanashauri pia jambo lisilohitaji fedha: mtu wa karibu wa kukukumbusha bila kukudharau. Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba zinaliweza hilo. Wagalatia 6 inatuagiza tubebeane mizigo, na mistari michache mbele inamwachia kila mtu furushi lake. Asomaye Kiingereza na aanze na Hallowell, amalizie na Barkley, kisha awasimulie wa nyumbani mwake.