Sifa ya -nyonge na Mahali Pake katika Sentensi

Miongoni mwa sifa chache ambazo Kiswahili kinazo kwa ajili ya moyo ulioshuka, maana aghalabu lugha yetu hupendelea jina, kama huzuni, jitimai na simanzi, ama kitenzi, kama kusononeka na kunywea, imo sifa ya -nyonge, ambayo hufuata upatanisho bila taabu: watu wanyonge, sauti nyonge, macho manyonge. Huzuni haina uhuru huo, na anayeandika "alikuwa huzuni" ameangusha "na" njiani.

Uzito wa -nyonge umo katika maana zake mbili. Ukisema "Juma ni mnyonge", msikilizaji hafikirii machozi. Hufahamu kwamba Juma hana mali wala jamaa wa kumtetea, na hiyo ndiyo maana iliyomo katika methali isemayo mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na kadhalika katika neno unyonge ambalo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililitumia kueleza sababu ya sisi Watanzania kuonewa. Lakini mama akisema "Mtoto leo yu mnyonge, hata uji hakuugusa", ile "leo" peke yake yatosha kuihamisha maana. Sasa ni mwili uliolegea na roho iliyofifia, wala mama huyo hakusudii hata kidogo kutangaza ufukara wa nyumba yake.

Tafauti iliyo laini zaidi ni baina ya "walirudi wanyonge" na "walirudi kinyonge". Katika ya kwanza sifa imewashika watu wenyewe, nayo hubadilika kwa idadi yao. Katika ya pili neno halibadiliki, kwa kuwa laeleza namna ya kurudi tu, miguu ikiburutwa na vichwa vikiinama, jambo ambalo laweza kuwa la kweli au la kuigiza, kwani mdaiwa hodari hujibu kinyonge ilhali mfuko wake umejaa.

Ama ukiiambatisha sifa hii na kiungo cha mwili, ukasema "uso mnyonge", shaka yote huondoka, maana uso hauna mali wala ukoo. Basi mwandishi aliyekusudia kutuonyesha mtu aliyevunjika moyo, kisha akaandika "alikuwa mtu mnyonge", ametuonyesha fukara. Na alihamishe neno lake kwenye uso, kwenye sauti, au kwenye siku maalumu.