Heko kwa Wahesabu Magamba

Mvuvi wa Bangwe, kando ya Ziwa Tanganyika, humtambua samaki aitwaye kuhe kwa kumtupia jicho tu. Mtaalamu wa kuainisha samaki hana haraka hiyo: huhesabu miiba ya pezi la mgongoni na magamba ya ubavuni, hupima kichwa, huchungulia meno. Rangi peke yake ni hadaa tupu. Kinda wa Tropheus duboisi, samaki wa ziwa hilo aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu Marlier mwaka 1959, ni mweusi mwenye madoa meupe. Akikua madoa hufutika, kichwa huwa cha buluu, na mkanda mweupe au wa njano humzunguka mwilini. Asiyejua angeapa ni samaki wa aina mbili! Subira ya mtaalamu huyo naivulia kofia. Kwa subira kama hiyo, mwaka 1898 mtaalamu wa samaki Boulenger, akiwa London, aliwaeleza samaki wa Ziwa Tanganyika waliokusanywa na mtafiti Moore.