Hofu Iliyomo Kwenye Pakiti ya Karata

Mwaka 1996 kampuni ya Marekani ya Pinnacle Entertainment Group ilitoa Deadlands, mchezo wa kuigiza wahusika uliobuniwa na Shane Lacy Hensley. Mandhari yake ni Magharibi ya Marekani mwaka 1876: wachunga ng'ombe, wachimba madini na wacheza kamari, ila humo wafu hufufuka na mashetani wana nguvu. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha nyongeza, Hucksters & Hexes, kuhusu walozi wanaofanya uchawi kwa karata. Anayekifungua mara ya kwanza huona maajabu mengi ya kuchagua. Akianza kucheza, anagundua kwamba kinachotisha zaidi ni hesabu.

Kwenye ulimwengu wa mchezo huu, siri za ulozi zilifichwa ndani ya toleo la mwaka 1769 la kitabu cha michezo cha Edmond Hoyle. Hoyle alikuwa mtu wa kweli, Mwingereza aliyeandika kuhusu mchezo wa whist mwaka 1742 na kufariki mwaka huohuo wa 1769. Mlozi hupambana akilini na pepo aitwaye manitou, na pambano lenyewe ni mkono wa poka. Akishinda, pepo humtumikia.

Mezani mambo huenda hivi. Mchezaji hurusha dadu za ustadi wake. Akifikisha 5, anavuta karata 5 kutoka pakiti ya karata 54, jokari wote wawili wakiwemo. Kila akizidisha 5 nyingine, anaongezewa karata moja. Kisha anapanga mkono bora anaouweza. Kila uchawi una mkono wake wa chini: mmoja hutosheka na jozi, mwingine hudai zaidi. Jokari mwekundu huziba pengo lolote. Jokari mweusi ni balaa. Pepo amempiga mlozi chenga, na madhara humrudia mwenyewe.

Hapo ndipo ubunifu ulipo. Kwa karata 5, uwezekano wa kumvuta jokari mweusi ni kama asilimia 9. Mlozi hodari aliyepata karata 7 anakabiliwa na asilimia 13. Yaani ustadi wenyewe unamsogeza karibu na hatari! Katika michezo mingi ya aina hii, bingwa hukosea mara chache kuliko mwanafunzi. Hapa bingwa anaingiza mkono ndani zaidi ya pakiti, na yule mweusi bado yumo.

Kwa nini basi mchezaji asiache? Kwa sababu faida inakimbia kuliko hatari. Tukiwaweka jokari kando, karata 5 hutoa jozi mbili au zaidi mara 8 hivi katika 100. Karata 7 hutoa mara 39 hivi. Hatari imeongezeka kidogo, malipo yameongezeka karibu mara tano. Mtu anayejua hatari ataendelea kuvuta, na wenzake watainama mezani kila karata inapofunuliwa. Msimamizi wa mchezo hahitaji kuwaeleza kwamba ulozi ni kishawishi, maana wanakiona mikononi mwa mwenzao.

Kasoro zipo. Mapigano ya bastola yanapopamba moto, kurusha dadu, kuvuta na kupanga karata kunawasubirisha wengine wote. Na kugeuza manitou, imani yenye heshima kwa mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini yanayozungumza lugha za Kialgonki, kuwa shetani tu ni kuwakosea wenye imani hiyo.

Toleo la baadaye, lililofuata kanuni za mfumo wa michezo uitwao Savage Worlds, lilimpa mlozi akiba ya nguvu ya kutumia kwanza, na poka ikabaki kimbilio akiba inapopungua au kuisha. Mchezo ukawa mwepesi zaidi, na mapigano hayakwami tena. Lakini mlozi wa toleo hilo anaweza kumaliza usiku mzima bila kugusa pakiti, jambo ambalo yule wa 1997 hakuruhusiwa kamwe.