Nyota ni za Mola, Sura ni za Watu

Ndugu msomaji, wako wazee wetu wanaoikataa elimu ya nyota kwa kuziona picha zake tu: wawindaji na mabinti wa Wayunani. Hofu yao ina asili, maana miungu ya uongo imejaa humo. Lakini asiyepambanua hung'oa mpunga pamoja na magugu.

Abdurrahman as-Sufi alitunga Kitabu cha Sura za Nyota mwaka 964. Alizichukua sura za Ptolemy, aliyemtangulia kwa miaka zaidi ya 800, akaichora kila moja mara mbili: kama tuionavyo kutoka ardhini, na kama ilivyo juu ya tufe. Hakunakili tu. Alikadiria mwangaza wa nyota kwa macho yake, akaweka na majina ya Waarabu. Huo ndio ubora wake. Upungufu wake ni kuwa mahali pa nyota alipafuata kwa Ptolemy, akiziongezea zote nyuzi sawasawa badala ya kuzipima upya.

Tena kila ramani hufuata mbingu ya mchoraji. Jamaa zetu walioko Iringa na Mbeya, mguu wa Jabari, yaani nyota ya Rijili, huwapitia karibu na utosini. Wakielekea kaskazini humwona mwindaji yule kichwa chini, miguu juu! Wayunani walisema aliuawa na nge. Hiyo ni ngano; lakini Akrabu akichomoza, Jabari huelekea kutua, na hilo ni kweli hata Mbeya.

Kaskazini-magharibi ya Jabari kiko kishada ambacho Waarabu hukiita Thuraya, na Wayunani mabinti saba. Sisi ni Kilimia, kwa sababu ya kulima. Na Wazulu nao husema isiLimela. Wahenga walinena: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ramani inayomfunza mtoto wa mkulima wa Iringa mabinti saba, ikamnyima Kilimia, ina kasoro kubwa kuliko ngano zake.

Sura An-Najm yatukumbusha kuwa Allah ndiye Mola wa Shiira, nyota waliyoiabudu baadhi ya Waarabu. Nyota haikukanushwa, kilichokanushwa ni kuiabudu. Basi tuwafunze watoto nyota kwa kibla, safari na kilimo, tukiwaambia wazi ipi ni ngano. Tusipowafunza sisi, watafunzwa na wapiga ramli.

Wallahu aalam.