Usitazame Bonde, Tazama Tuta

Jumapili iliyopita jirani yangu aliniita nikashuhudie maajabu. Vitz yake nyeupe iligongwa na bodaboda kona ya nyuma, bampa likabonyea kama sufuria ya msibani. Akaja kijana na birika la umeme, akamwaga maji yanayochemka, akapitisha mkono kwa ndani, akasukuma. Puu! Bampa likarudi. Watu wakapiga makofi, simu zikatoka mifukoni, kijana akalipwa na soda juu. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimealikwa pilau. Lakini mtu aliyekulia kwenye gereji za Gerezani hawezi kunyamaza mara mbili.

Lile bampa lilirudi, halikunyooka. Mwenye gari asiyejua tofauti ya maneno hayo mawili atalipa nusu ya kazi kwa bei ya kazi nzima, na atashukuru.

Nisimwonee kijana. Maji ya moto si uganga. Mabampa ya siku hizi ni polipropilini; chungulia kwa ndani utakuta herufi PP zimepigwa muhuri, mara nyingi na EPDM pembeni, maana huchanganywa na mpira ili yavumilie kugongwa. Plastiki hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 160, na maji huchemka kwa 100, kwa hiyo yanalainisha bila kuunguza. Ile mashine ya kupuliza joto inaweza kupita nyuzi 500, na mwenye papara atakuachia rangi yenye malengelenge. Draya ya saluni inamtosha mtu mwenye subira. Pampu ya mpira ya kuzibulia choo, tafadhali, iachwe chooni.

Tatizo la kijana lilikuwa macho yake. Alitazama bonde.

Bampa likiingia sehemu moja, sehemu nyingine lazima itoke. Pembezoni mwa kila bonde huinuka tuta, jembamba, pengine halizidi unene wa karatasi mbili za msasa, na limezunguka kama mwezi mchanga. Asiyejua hukimbilia bonde kwa sababu ndilo linalojitangaza. Anasukuma, bonde linapanda, tuta linabaki pale pale, naye anafuta jasho. Baadaye akiona bado pana kitu, anaongeza nguvu kutoka ndani, anatengeneza kichuguu. Hajui kwamba tuta ndilo kufuli. Bonde limeshikiliwa na tuta, na ukilegeza tuta, bonde linapanda nusu ya safari lenyewe.

Mzee aliyenifundisha, Mungu amrehemu, hakuwa na haraka na bonde hata siku moja. Alifika kwenye gari, akatandaza leso ya pamba juu ya bampa, akaweka kiganja juu ya leso, akafumba macho. Vidole alisema ni waongo. Kazi ni ya kiganja kizima, kikiteleza kwa urefu wa bampa, polepole, na leso iko pale ili ngozi ising'ang'anie rangi. Mkono ukivuka tuta unaruka kidogo, kama gari likipanda tuta la barabarani usiku. Pale anaweka alama ya chaki. Akimaliza, bampa lina duara la chaki na katikati, kwenye bonde lenyewe, hakuna alama hata moja. Wanafunzi wapya tulidhani mzee amekosea.

Kisha alianza pale ajali ilipomalizia, akirudi nyuma kuelekea ilipoanzia. Joto kwenye tuta kwanza, pande zote mbili za bampa. Kidole gumba kilichofungwa kitambaa kinabana kutoka nje huku mkono mwingine ukikinga kwa ndani. Halafu kitambaa chenye maji baridi, na hapo hapo anashikilia, haachii, mpaka plastiki ipoe kabisa. Plastiki ikiachiwa ingali moto hurudi inakotaka. Niliwahi kumwona akishikilia kona ya Corolla kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha kahawa, na kikombe alikuwa nacho mkono wa pili.

Unataka kuhukumu kazi bila kuwa na mkono wa mzee? Usihukumu saa sita mchana, jua la utosini linasamehe kila kitu. Peleka gari sheli usiku, simama chini ya zile taa ndefu, chuchumaa, tazama mstari wa taa unavyolala juu ya bampa, kisha sogeza kichwa taratibu. Mstari ukitembea bila kukatika, mlipe fundi. Ukijikunja kama nyoka, ukavimba, kisha ukanyooka tena, hapo ndipo tuta lilipo. Na mtu asinionyeshe kazi kwenye gari jeupe. Jeupe linaficha, jeusi linasema kweli. Gari la fedha mimi silitolei hukumu mpaka nione rangi imelingana na madigadi, na mara nyingi hailingani.

Kuna walaghai wanaolijua tuta vizuri kuliko wanagenzi, nao wana njia zao. Mmoja alikuwa akikabidhi gari likiwa limeegeshwa ubavu uliotengenezwa ukutani, saa ya magharibi, limelowa maji kana kwamba limetoka kuoshwa. Mwingine alibandika stika ya kumshukuru Mungu juu ya tuta. Tangu siku hiyo nikiona stika mpya kwenye kona ya bampa, naweka kiganja kwanza ndipo naitikia amina. Wengi hujaza puti. Puti ngumu juu ya plastiki inayonesanesa ni kama sakafu ya saruji juu ya godoro: matuta matatu ya barabarani, imepasuka. Wakipaka rangi bila praima ya plastiki, mpira wa maji wa waosha magari utaibandua kama ganda la kitunguu. Na wewe unayekuja na sumaku kupima puti kwenye bampa la plastiki, rudisha sumaku kwenye friji. Gonga kwa kifundo cha kidole, sikiliza. Kisha lala chini utazame kwa ndani: michirizi myeupe inaonyesha plastiki ilikunjwa kupita kiasi, na pale itakatika siku moja. Ukiwa huko chini, angalia pia lile povu gumu na mhimili wa chuma nyuma yake. Mnachokiita bampa ni ngozi tu. Aliyenyoosha ngozi juu ya povu lililosagika ameficha jeraha.

Zamani hapakuwa na ngozi. Peugeot 504, zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, zilikuwa na bampa la chuma linalong'aa kama kioo cha kinyozi. Chuma kile hakikupokea puti wala rangi. Ukikosea, kila apitaye anaiona sura yake imepinda, na anajua ni kazi ya nani, kwa sababu mafundi wa kukinyoosha mtaani walihesabika. Leo bampa zima la mtumba kutoka Japani linanunuliwa, linafungwa kwa klipu, na anayelifunga anaitwa fundi.

Baada ya pilau nilichuchumaa nyuma ya ile Vitz. Kona ya kushoto, juu kidogo ya taa ya akisi, tuta lilikuwapo, zima, halijaguswa. Nikamwambia jirani kwa upole kwamba jioni tupite sheli.

Akanijibu mafuta anayo ya kutosha.