Halikujaa, Limeziba

Mabomba ya majitaka ya Mombasa huhudumia sehemu ya kisiwa na sehemu ya Changamwe, uliko mtambo wa Kipevu. Ukivuka feri kwenda Likoni, au daraja la Nyali kwenda Kisauni, nyumba nyingi hujitegemea: choo humwaga kwenye septiki, septiki humwaga kwenye shimo la kufyonza, na shimo huiachia ardhi. Mambo yakienda sawa hakuna anayelikumbuka shimo hilo. Masika ikikolea na maji ya bafuni yakianza kurudi, ndipo fundi hutafutwa.

Niliyemtazama mimi, Kisauni, ni mtu mzima wa maneno machache. Mwenye nyumba alikwisha kulipia gari la kunyonya tena na tena, na kila likiondoka shimo lilifurika upya. Fundi alizunguka uwanja kwanza. Akatazama nyasi zilikostawi kupita kiasi, akauliza nyumba ina watu wangapi na nguo hufuliwa siku gani. Kisha akauliza kisima cha jirani kiko wapi. Mama mwenye nyumba alishangaa, kwani jirani hakuwa amelalamika. Fundi hakumweleza kitu.

Alitia ncha ya mtaimbo chini ya mfuniko wa zege wa septiki, akauinua kidogo, akasogea upande unakotoka upepo na kuketi. Kijana wake alitaka kuchungulia, akamvuta shati. Gesi ya septiki humwangusha mtu kabla hajapiga ukelele, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Katika kazi nzima hakuna aliyetia mguu mle ndani.

Baadaye alizungushia kitambaa cheupe kwenye ufito mrefu, akauzamisha hadi chini, akangoja, akautoa polepole. Kitambaa kilikuwa na weusi mzito upande wa chini, penye tope. Juu yake palilowa maji tu. Na karibu na kilele palikuwa na alama ya utando wa mafuta. Tope likifika thuluthi ya kina ni wakati wa kunyonya, na hapa lilikuwa mbali. Akapapasa kwa ndoano ya waya mdomo wa bomba la kutokea. Hapo palipaswa kuwa na ti, kiungo chenye umbo la T, tawi lake la chini likizama kupita utando ili yatoke maji ya katikati peke yake. Ilikuwa imekatika. Kwa muda mrefu mafuta ya jikoni na taka nyepesi zilikuwa zikisafiri hadi shimoni na kuganda kutani.

"Halikujaa, mama," alisema. "Limeziba."

Nadhani tofauti hiyo ndiyo elimu yake yote. Gari huondoa maji. Ute mweusi uliozipaka kuta hubaki palepale. Basi alifunga ti mpya ya inchi 4, kisha akaanza kutafuta mahali pa shimo jingine.

Changamwe, kwenye mfinyanzi, shida ni maji kukataa kuzama. Kisauni na Likoni, juu ya mchanga na matumbawe ya kale, mara nyingi shida ni kuzama upesi mno. Kwa hiyo hakukisia. Alichimba kishimo, akakijaza maji jioni ili udongo ushibe, na asubuhi akakijaza tena na kusimamisha kijiti chenye alama. Akakaa kivulini akiyatazama maji yakishuka alama kwa alama, asizungumze na mtu. Kijana alilala. Yaliposhuka yote, mzee alijaza tena.

Ndipo sururu ikaanza kazi, kifusi kikipanda kwa karai na kamba. Karibu na kina alichokusudia, mtaimbo ulizama ghafla: ufa ndani ya jiwe. Kijana alichangamka, maana shimo lenye ufa halifuriki kamwe. Mzee alimwaga ndoo moja ya maji, akayaona yakipotea mara moja, akaonyesha kwa kidevu kule kwa jirani. Mifereji ikikauka, Kisauni huchota visimani, na watafiti, akiwamo Daniel Munga, walikwisha kuandika mwaka 2006 jinsi maji ya chini ya eneo hilo yanavyochafuliwa na vyoo na septiki. Nafasi inayotajwa mara nyingi kati ya choo na kisima ni mita 30. Ploti ya futi 50 kwa 100 huishia hapohapo. Akauziba ufa kwa mawe na udongo, akapandisha sakafu kwa tabaka nene la mchanga safi, ili maji yachujwe kabla ya kuendelea na safari.

Kujenga kulikuwa uashi uliogeuzwa. Mwashi mwingine husifiwa kwa kuziba. Huyu alipanga mawe ya timbo makavu, bila simiti, akiacha pengo la kidole kati ya jiwe na jiwe, na kushindilia kokoto nyuma yake. Kila jiwe aliligeuza mara kadhaa hadi litulie lenyewe. Kila safu aliishushia timazi, ingawa hakuna macho yatakayoiona. Pwani hii ina ukoo mrefu wa kazi hiyo: nyumba za mji wa kale wa Gedi, alizofukua mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia 1948, zina vyoo vya mawe na mashimo yake. Simiti aliitumia kwenye safu za juu tu, chini ya mfuniko.

Shimo la zamani hakulifukia. Likipumzika miezi kadhaa ute hufa, kuta hunywa tena, na mashimo yatapokezana. Mwisho alipima kwa utepe kutoka pembe ya nyumba hadi kila mfuniko, akaomba penseli, akaandika vipimo nyuma ya mlango wa jikoni, pamoja na mwezi na mwaka ambapo ufito uzamishwe tena.